Wale Wengine

Ndugu msomaji, nianze na swali, nawe ulijibu moyoni kabla hujaendelea. Mtu ambaye jina lake halikuitwa, je, amehukumiwa? Yaani majina yanasomwa, wenzako wanainuka mmoja mmoja, wewe unabaki umekaa na mikono magotini. Hapo kuna neno gani lililosemwa juu yako? Au hakuna lililosemwa, ila sisi wenyewe ndio tunaojaza pale palipoachwa wazi?

Swali hili sikulitoa vitabuni, limenijia kazini. Mimi ni kijana wa hapa Tukuyu, umri wangu miaka 24, elimu yangu kidato cha nne, na kazi yangu ni kuhudumia katika steshenari moja karibu na stendi ya mabasi. Natoa nakala, nachapa barua za maombi, nawajazia watu fomu. Usiku naandika riwaya, nitaigusia baadaye kama hamtanicheka. Sasa kila mwaka, ifikapo ile miezi ya baridi, ukungu umeshuka kutoka Mlima Rungwe mpaka ng'ambo ya barabara huioni, yanatoka majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha tano na vyuo. Siku hiyo duka linajaa watu. Wapo waliotoka Kiwira, wapo waliotoka Masoko, wapo akina mama waliokuja na ndizi sokoni wakasema wapitie hapohapo. Kazi yangu ni kufungua orodha kwenye kompyuta na kutafuta jina.

Aliyeliona jina lake hana shida. Anapiga kelele, analipia nakala hata mbili, anaondoka mbio. Asiyeliona ndiye anayenipa kazi. Ataniambia, "Kaka, hebu tafuta tena, labda wamekosea herufi." Natafuta tena. "Jaribu kuanza na jina la babu." Najaribu. Mwisho ananyamaza, anasogea mlangoni, anasimama pale kama mtu anayesubiri mvua ikatike, hata kama siku hiyo mvua hainyeshi.

Mwaka huu mmoja wa waliotafutwa alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja. Nilimtafuta peke yangu, usiku, baada ya kufunga duka. Nilitafuta kwa jina la baba, kwa jina la babu, nikapitia shule yake yote kutoka juu mpaka chini. Hakuwemo. Mwaka wangu na mimi sikuwemo, kwa hiyo njia ya kurudi nyumbani usiku ule niliijua vizuri sana, kila jiwe.

Alilala kitandani siku tatu. Mama akaniita jikoni akasema, "Wewe ndiye uliyesoma. Nenda ukaongee na mwenzio." Lo! Mimi niliyesoma. Nikaenda, nikakaa ukingoni mwa kitanda, na kwa kuwa sikuwa na la kusema, nikamsimulia habari za Mmarekani mmoja.

Habari hizo nilizipata hivi. Katika riwaya yangu mna kijana wa Kenya anayecheza raga. Jioni wateja wakipungua, nilikuwa natumia kompyuta ya duka kusoma habari za wachezaji wa raga wa Kenya ili nisimwandike mtu wangu kwa kubahatisha. Katika kusoma nikamkuta mmoja aliyeacha raga akaenda kucheza ule mpira wa Wamarekani. Nitamrudia huyo. Lakini ndiye aliyenifikisha kwa wengine wa mchezo ule.

Kwa msomaji asiyeujua: wanauita mpira wa miguu ingawa miguu inaugusa mara chache, na wenyewe umechongoka huku na huku kama papai dogo. Timu ina wachezaji 11 uwanjani. Kinachoshangaza ni kwamba wanaoshambulia na wanaolinda ni watu tofauti kabisa. Timu ikinyang'anywa mpira, kundi zima linatoka, linaingia kundi jingine ambalo kazi yake ni moja tu, kuzuia. Huyo wa kuzuia anaweza kucheza miaka kumi asifunge hata mara moja, na akaitwa bingwa.

Na namna ya kuingia katika ligi yao kubwa, iitwayo NFL, ni kwa kuitwa jina. Tangu mwaka 1936 timu hukutana kila mwaka na kuchagua vijana waliomaliza kuchezea vyuo vikuu. Iliyofanya vibaya msimu uliopita inapewa nafasi ya kuchagua kwanza, kisha inayofuata, mpaka timu zote zimalize, halafu wanaanza tena. Siku hizi timu ni 32 na mizunguko ni saba. Siku ya majina familia nzima inakaa sebuleni na simu katikati. Nilipoyasoma hayo nikasema kumbe, Wamarekani nao wana orodha yao, na wao pia wana mtu wa kusimama mlangoni kusubiri mvua ikatike.

Mdogo wangu nilimsimulia habari za John Randle. Kijana huyo alizaliwa Texas mwaka 1967, akakulia katika umaskini hasa. Mwaka 1990 majina yalisomwa, wakaitwa vijana zaidi ya 300, yeye hakuitwa. Sababu ilikuwa umbo. Kwa nafasi aliyocheza, katikati ya ukuta wa walinzi, walitaka majitu, naye alikuwa mdogo kwao. Timu ya Minnesota ikakubali kumjaribu. Inasimuliwa kwamba siku ya kupimwa uzito alificha mnyororo mzito ndani ya nguo ili mizani ifike pale walipotaka. Basi akaingia. Akacheza Minnesota mpaka mwaka 2000, kisha Seattle mpaka 2003. Kazi ya walinzi ni kumwangusha mrusha mpira kabla hajaurusha, na Randle aliwaangusha mara 137 na nusu. Nusu ni pale wawili wanapomwangusha mtu mmoja, wanagawana. Mwaka 2010 jina lake likaingizwa katika nyumba yao ya kumbukumbu za mashujaa wa mchezo huo. Mtu ambaye hakuna aliyemwita!

Nilisimulia vizuri, nakuambia. Nilimaliza kwa kusema, "Unaona? Hakuitwa, lakini hakukata tamaa."

Mdogo wangu hakufunua blanketi. Akauliza, "Na wale wengine?"

"Wepi?"

"Ambao hawakuitwa, na mnyororo hawakuwa nao."

Ndugu msomaji, nilikaa pale nikakosa jibu. Makala haya yote ni jaribio la kumjibu yule mtoto.

Kwanza nilifanya hesabu, maana hesabu haidanganyi. Timu moja ya kule huanza maandalizi na watu wasiozidi 90. Ligi ikikaribia kuanza, wanapunguzwa mpaka 53. Wanaokosa nafasi ni 37. Zidisha kwa timu 32, unapata watu 1,184. Baadhi yao hubakizwa katika kikosi cha mazoezi tu, wengine wanachukua begi na kwenda kwao. Huo ni mwaka mmoja. Na hao ni wale waliofika mlangoni, sijahesabu ambao hata mlango hawakuuona. John Randle ni mmoja. Ndiyo maana tunamsimulia. Wangekuwa wote kama yeye, pasingekuwa na hadithi.

Hapa ndipo nilipoanza kuona ubaya wa ile hadithi yangu. Mimi nilidhani ninampa mdogo wangu moyo. Kumbe chini ya maneno yangu mlikuwa na neno jingine: kama yule aliweza, wewe ukishindwa ni wewe. Hadithi ya asiyechaguliwa akashinda tunawasimulia walioshindwa kuwafariji, lakini mara nyingi inafanya kazi ya fimbo. Inamwondolea mwenye orodha lawama yote, inambebesha aliyekosa. Aliyekaa na mizani anasema, "Unaona, hata ambao hatukuwachukua wanaweza kufika, basi hatujamdhulumu mtu." Hivi kweli ndivyo?

Wapo watakaosema nimeanza kulalamika kama kawaida ya vijana. Hapana. Nisiwe mwongo, orodha mara nyingi inasema kweli. Chukua Mathias Kiwanuka. Huyu ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, aliyeuawa mwaka 1972 wakati wa Idi Amin. Mathias alizaliwa Indianapolis, akacheza upande wa ulinzi, na mwaka 2006 timu moja ya New York ilimwita katika mzunguko wa kwanza kabisa. Akawachezea mpaka 2014, wakachukua ubingwa mara mbili. Waliomwita hawakukosea. Mwalimu anayejua wanafunzi wake naye hakosei sana. Sisemi orodha ni uongo.

Nasema tu kwamba orodha inahesabu viti. Kama viti ni 50 na watu wanaofaa ni 70, watu 20 watabaki nje, na hakuna dhambi yoyote waliyotenda hao 20. Wa 50 na wa 51 hawatofautiani kwa utu, wala pengine hata kwa akili, wanatofautiana kwa kiti. Lakini sisi tukishaiona orodha tunamwita wa 50 mwenye akili, wa 51 tunamwita aliyefeli. Neno "aliyefeli" orodha haikuliandika. Tumeliandika sisi, mtaani, jikoni, kanisani.

Na wanaochagua wenyewe wanajua hawaoni yote. Katika uteuzi ule wa kwanza wa Wamarekani, mwaka 1936, jina la kwanza kabisa kuitwa lilikuwa la Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyekuwa amepewa tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Unajua alicheza michezo mingapi katika ligi ile? Hata mmoja. Hawakuelewana mshahara, akaenda zake kwenye biashara. Aliyefungua orodha nzima ya historia yao hakuwahi kuvaa jezi ya ligi yao! Kuitwa, basi, ni kufunguliwa mlango tu. Hakusemi utaingia, wala utakaa ndani siku ngapi.

Baada ya hesabu nikaenda kwa Mama, maana lile jambo la mnyororo lilikuwa linanisumbua. Nikamsimulia. Mama ana shamba dogo la chai, na kila mara anapeleka majani kupimwa. Akacheka, kisha akakunja uso. "Huyo ni mwizi wa kilo," akasema. "Kwani ana tofauti gani na anayelowesha majani ya chai yawe mazito?"

Nikamjibu, "Mama, anayelowesha majani anauza maji. Huyu hakuuza kitu kisichokuwemo. Nguvu alikuwa nazo, ila mizani haikujua kupima nguvu, inapima uzito."

Mama akafikiri. Akasema, "Sawa. Lakini na mwenye mizani naye angeweza kumwambia, haya, njoo ucheze tukuone." Kisha akaendelea kumenya ndizi.

Wasomi watasema hilo si jibu la falsafa. Mimi naona ndilo jibu lenyewe, isipokuwa ilinichukua wiki nzima kulielewa. Tumezoea kumuuliza asiyechaguliwa maswali: ulijitahidi kiasi gani, umevumilia kiasi gani, una moyo au huna? Mama aligeuza swali. Akamuuliza mwenye mizani.

Nikarudia kuzisoma zile hadithi zote nikiwa na swali la Mama mkononi. Na katika kila moja nikamkuta mtu ambaye mwanzoni sikumwona. Malcolm Butler wa Mississippi aliwahi kufukuzwa katika timu ya chuo, akafanya kazi kwenye mgahawa wa kuku wa kukaanga, mwaka 2014 hakuitwa na timu yoyote. Lakini timu ya New England ikamwalika siku chache za majaribio. Tarehe 1 Februari 2015, katika fainali yao kuu, Super Bowl, Seattle walikuwa wamebakiza hatua kama moja tu wafunge na kuchukua ubingwa, muda umebaki chini ya nusu dakika. Wakarusha mpira. Butler akaruka mbele yake akaudaka yeye, mchezo ukaisha hapo. Kila mtu anakumbuka ule mruko. Mimi sasa najiuliza habari za yule aliyesema, "Mpeni huyu kijana siku chache tumwone." Bila huyo hakuna mruko.

Na msidhani Butler alipona orodha tangu siku ile. Miaka mitatu baadaye, Februari 2018, timu ileile ikafika fainali tena. Butler, aliyecheza karibu msimu mzima, akawekwa benchi. Kwa upande wa ulinzi hakuingizwa hata mara moja. Timu yake ikafungwa 41 kwa 33. Shujaa wa 2015 alisimama pembeni ameshika kofia yake ya chuma akitazama wenzake wakifungwa. Basi hata ukiishashinda, kuna siku jina litasomwa tena usilisikie. Ukiuweka utu wako wote katika kuitwa, utauokota na kuupoteza kila mwaka.

Sasa nimrudie yule Mkenya. Anaitwa Daniel Adongo, alizaliwa Nairobi mwaka 1989. Alisoma Rift Valley Academy kule Kijabe, akacheza raga, na raga ikamfikisha Afrika Kusini na New Zealand. Mwaka 2013 timu ya Colts ya Indianapolis ikamsajili. Kumbuka, Indianapolis ndipo alipozaliwa Kiwanuka. Lakini tazama tofauti: Kiwanuka alikua na mchezo ule, akaitwa. Adongo alikuwa hajawahi kuucheza hata mara moja. Si chuoni, si sekondari. Hakupita katika uteuzi wowote, jina lake halingeweza kusomwa kwa kuwa hakuwemo hata kwenye orodha ya wa kuachwa. Mtu fulani alitazama kijana wa raga, mrefu, mwenye mbio, akasema huyu tumfundishe. Akapewa nafasi ya ulinzi. Tarehe 1 Desemba 2013 akaingia uwanjani dhidi ya timu ya Tennessee, Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi ile. Michezo yake kwa jumla ilikuwa michache, tena kazi yake ilikuwa ile ya kukimbia kumkabili anayepokea mpira uliopigwa mbali. Mwaka 2015 wakamwacha.

Baada ya hapo watu wamesema mengi juu ya maisha yake, magazeti na mitandao. Mimi sitayarudia. Simjui, wala yeye hakuniomba nimwandike. Nimejifunza jambo moja tu katika hayo: sisi watu tunapenda sana kumtazama asiyeitwa akipanda, na tunapenda vilevile kumtazama akishuka. Mara zote mbili tunatazama tu.

Je, safari ya Adongo ilikuwa ya bure kwa sababu ilikuwa fupi? Nilipomuuliza mdogo wangu swali hili, siku ya tano, akiwa ameshakaa kitako na kikombe cha chai, alisema, "Alicheza, si alicheza?" Ndiyo, alicheza. Alijifunza katika miezi michache mchezo ambao wenzake waliuanza utotoni, na siku ya mchezo akakimbia kama wao. Hilo haliwezi kufutwa kwa kuachwa 2015. Kitu kikishakuwa kimefanyika, hakuna orodha inayoweza kukifanya kisiwe kimefanyika.

Hapa kwetu tunalijua hili, ila tumesahau. Mwaka 1986 timu ya mji huu mdogo, Tukuyu Stars, Banyambala wenyewe, ilichukua ubingwa wa ligi ya Tanzania, tena katika mwaka wake wa kwanza kupanda daraja. Simba na Yanga wakabaki wanatazama. Baadaye timu ikashuka, na wazee pale sokoni Tandale hadi leo wanaisimulia kwa huzuni. Lakini wachunguze wanavyosimulia. Hakuna mzee anayesema kwamba ubingwa ule haukuwa ubingwa kwa sababu haukudumu. Wanasema "tulichukua". Basi kama tunaweza kuitendea timu hivyo, kwa nini mtoto wetu tusimtendee hivyo? Kwa nini miaka minne ya sekondari, alfajiri za matope, madaftari aliyoyajaza, kemia aliyoielewa kweli, vyote viwe havikuwepo kwa sababu ya ukurasa mmoja wa mwezi wa sita?

Basi hili ndilo jibu langu kwa swali la wale wengine, nalitoa kwa unyenyekevu, anayeona limepinda alinyooshe.

Wale wengine hawahitaji hadithi ya mshindi. Wameshaisikia sana. Hawahitaji pia kuambiwa ni mipango ya Mungu, ingawa mimi namwamini Mungu, kwa sababu neno hilo tunalitumia mara nyingi kufunga mazungumzo ili twende tukale. Wanachohitaji ni mtu wa kusema, "Haya, njoo tukuone." Kila asiyeitwa aliyefika mahali, nyuma yake yupo mtu aliyefungua mlango mdogo pembeni mwa mlango mkubwa. Wale 1,184 si kwamba wote hawakuwa na moyo. Wengi walikosa tu mtu huyo. Kwa hiyo deni la maadili katika jambo hili liko kwetu kuliko linavyokuwa kwa aliyekosa. Mkubwa mwenye orodha ana sehemu yake, simfutii. Lakini orodha mimi siwezi kuirefusha. Mlango mdogo naweza kuufungua, na wewe unaweza. Swali la kujiuliza kila majina yanapotoka ni hili: mwaka huu mimi nimemwambia nani aje nimwone?

Niliposema hivi moyoni niliona aibu, maana nilikuwa na miaka kadhaa natafuta majina ya watu kwenye kompyuta, na wasioyaona nilikuwa nawatazama mlangoni nikisema tu "pole sana", kisha nawaita wanaofuata.

Basi nilifanya kitu kidogo. Kuna fundi seremala mmoja upande wa Katumba, mzee wa heshima, huja dukani kuchapisha bei za milango na makabati. Nilimfuata Jumamosi. Nikamsalimia kwa adabu, "Ugonile, baba." Nikamweleza. Akauliza, "Anajua kushika randa?" Nikasema hajui. "Matokeo yake yalikuwaje?" Nikasema daraja la tatu, la mwishomwisho. Akacheka. "Mimi darasa la saba. Mlete Jumatatu nimwone."

Alisema hivyohivyo, nimwone.

Sitaki mseme nimemaliza kwa hadithi ya mshindi baada ya kuilaani. Mdogo wangu hajashinda kitu. Pengine ataacha baada ya mwezi, pengine atarudia mtihani, pengine atakuwa seremala mwenye mikono mizuri. Sijui. Jumatatu ile alirudi jioni na vumbi la mbao kichwani, akala, nikamuuliza imekuwaje. Akasema, "Nimeranda ubao mmoja siku nzima. Kesho saa moja nirudi." Halafu akauliza, kama mtu aliyekuwa akiliwaza jambo hilo kutwa, "Ule mnyororo, walipomaliza kumpima, waliuona?"

Nikasema sijui. Mama akadakia kutoka jikoni, "Waliuona bwana. Walinyamaza tu."

Na ile riwaya yangu? Nimeipeleka sehemu tatu. Wawili hawakujibu, mmoja alijibu kwamba wana kazi nyingi mkononi. Nilikuwa nimeamua kuuchoma mswada, na karatasi za kuchapia nilikuwa nimenunua kwa pesa yangu. Sasa siuchomi. Wala sisemi kwamba siku moja nitakuwa mkubwa, maana hiyo ni ileile hadithi ya fimbo. Nasema tu kwamba kurasa 140 zimeandikwa, na hakuna orodha inayoweza kuzifanya zisiwe zimeandikwa. Jarida hili mnalolishika, ndugu zangu vijana mnaoandika, nalo ni mlango mdogo wa pembeni. Mtu mmoja aliketi akasema, haya, leteni tuwaone. Tusiingie halafu tukaufunga nyuma yetu. Ukikutana na mwenzako ana daftari kwapani na haya usoni, usimwulize amechapishwa wapi. Mwombe asome.